Sultani Aliyepima Mataifa: Unguja na Mrima, 1806–1890

Dola ya Unguja ya karne ya 19 haikusimama juu ya majeshi. Ilisimama juu ya forodha, mikopo ya wafanyabiashara wa Kihindi, mashamba ya karafuu yaliyolimwa na watumwa, na ustadi wa watawala wake wa kuwafanya wakubwa wa dunia wachungane wenyewe kwa wenyewe. Bendera yake nyekundu iliheshimiwa kutoka Warsheikh kaskazini mpaka Rasi ya Delgado kusini, na misafara iliyoondoka Bagamoyo iliibeba hadi Tabora, Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Kisha, kati ya 1884 na 1890, dola hiyo ikamegwa hadi ikabaki visiwa vilivyo chini ya ulinzi wa mgeni. Katika miaka yote hiyo 6 Sultani hakupigana vita hata kimoja na waliommega.

Wengi husimulia habari hii kama kisa cha Wazungu wenye mizinga na Sultani asiyekuwa nayo. Mizinga ilikuwapo na ina sehemu yake katika kisa. Lakini manowari za Waingereza zilizunguka Bahari ya Hindi tangu mwanzo wa karne ile, na dola ya Unguja ilikua mbele ya macho yao kwa miaka mingi bila kuguswa. Basi lazima kuna jambo jingine lililobadilika, nalo linaanzia kwa mtu aliyeijenga dola yenyewe.

Sayyid Said na forodha yake, 1806–1856

Said bin Sultan alitwaa utawala wa Muscat mwaka 1806, akiwa bado kijana mdogo, baada ya kumuua binamu yake Badr bin Seif. Badr alikuwa amejiegemeza kwa Mawahabi wa Najd, na Waomani wengi walimchukia kwa hilo. Said alijifunza mapema kwamba mtawala anayebebwa na mgeni mmoja huanguka pamoja na mgeni huyo, au huangushwa kwa sababu yake. Yeye naye alihitaji wageni, maana Oman ilikuwa nchi ndogo kati ya Najd, Uajemi na maharamia wa Ghuba. Aliwaegemea Waingereza wa Bombay, ambao ukoo wake ulikuwa na mkataba nao tangu 1798. Lakini tofauti na Badr, hakuwategemea hao peke yao.

Afrika Mashariki ndiko mbinu yake ilikoonekana wazi. Mombasa ilikuwa mikononi mwa ukoo wa Mazrui, waliokuwa wakiitawala kwa jina la Oman lakini kwa faida yao wenyewe. Walipoona nguvu za Said zinakua, waliomba bendera ya Uingereza, na Februari 1824 Kapteni William Owen akaipandisha bila idhini ya wakubwa wake. Said hakukimbilia vita. Alipeleka malalamiko Bombay na London. Miaka miwili tu kabla ya hapo alikuwa ametia saini mkataba na Kapteni Fairfax Moresby wa kupiga marufuku uuzaji wa watumwa kwa Wakristo, na Waingereza walimwona rafiki wa kutunzwa. Mwaka 1826 bendera ile ikateremshwa. Said aliendelea kuwabana Mazrui kwa vita, ahadi na fitina za ndani ya ukoo wao, hadi Mombasa ilipomwangukia mwaka 1837. Wakuu wa Mazrui walikamatwa, wakapelekwa Bandar Abbas, na hawakurudi tena.

Katika miaka hiyohiyo alikuwa akiwaita wageni wengine. Mwaka 1833 alifanya mkataba na Marekani, ambao uliweka ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa zinazoingia. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts walileta kitambaa cha pamba ambacho mpaka leo pwani tunakiita merekani, wakaondoka na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Waingereza walifuata kwa mkataba wa 1839, Wafaransa mwaka 1844, na miji ya biashara ya kaskazini mwa Ujerumani mwaka 1859, baada ya yeye kufariki. Mwaka 1840 merikebu yake, Sultana, ilifika New York chini ya mjumbe wake Ahmad bin Naaman. Kila taifa lilikuwa na balozi wake Unguja, na kila balozi aliangalia kwa jicho la wivu kile ambacho mwenzake alipewa.

Katika mkataba wa Waingereza kulikuwa na kifungu kimoja ambacho huonyesha akili ya Said kuliko hotuba yoyote. Wageni waliruhusiwa kufanya biashara katika nchi zake zote, isipokuwa pembe na sandarusi za Mrima, kutoka Mtangata mpaka Kilwa. Bidhaa hizo ilibidi wazinunue Unguja. Hivyo bandari zote za Mrima zikawa mito inayomwaga maji katika birika moja, nalo lilikuwa forodha ya Unguja. Forodha yenyewe Said hakuiendesha. Aliikodisha kwa nyumba ya Jairam Shivji, Mhindi wa Kutch, ambaye alimlipa kiasi maalumu kwa mwaka, akamkopesha alipopungukiwa, na akabaki na kilichozidi.

Ilikuwa serikali nyepesi sana. Vijijini Unguja, Wahadimu waliendelea kuongozwa na Mwinyi Mkuu wao, aliyekaa Dunga na kugawana na Sultani kodi ya watu wake. Katika miji ya Mrima, majumbe na madiwani walishika mamlaka yao ya zamani, nao maliwali wa Sultani walishughulika zaidi na ushuru kuliko hukumu. Bara hakukuwa na utawala wowote wa kweli, ila wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliotii walipotaka. Said alipata fedha bila gharama ya kutawala. Kasoro ya mpango huo haikuonekana wakati wake, kwa sababu hakuna aliyemwuliza mipaka yake iko wapi.

Kwa watumwa uzito wa serikali hiyo ulikuwa mwingine kabisa. Karafuu zilizofanya Unguja na Pemba ziwe mashuhuri duniani zilichumwa na watu waliotolewa kwao kwa nguvu, wengi kupitia Kilwa. Utajiri wa mji ulitoka migongoni mwao. Hilo lilikuwa dhuluma, na tena lilikuwa mlango wazi kwa Waingereza. Kila walipotaka kitu kwa Said walianzia hapo, na kwa mkataba wa 1845, uliosimamiwa na balozi wao Atkins Hamerton, alilazimika kukataza kupeleka watumwa Arabuni. Alilipa bei hiyo huku akijua kwamba bado Wafaransa na Wamarekani wako bandarini.

Urithi uliogawanywa na wageni, 1856–1862

Said alifariki baharini Oktoba 19, 1856, katika merikebu yake Victoria, karibu na Shelisheli. Hakuacha utaratibu imara wa urithi. Mwanawe Thuwaini alikuwa akitawala Muscat, na Majid alikuwa Unguja. Mwana wa tatu, Barghash, alikuwamo ndani ya merikebu ileile, akarudi na maiti ya baba yake na tamaa ya kukalia kiti chake. Akashindwa kumtangulia Majid.

Mwaka 1859 mambo mawili yalitokea ambayo kila mmoja wa ukoo wa kifalme angelitaka kuyasahau. Thuwaini alitayarisha merikebu za kuja kumpiga Majid, na Waingereza wakamrudisha njiani. Kisha, mwezi wa Oktoba, Barghash aliinuka dhidi ya Majid akisaidiwa na ukoo wa Al-Harthi, akijenga ngome katika shamba lililoitwa Marseilles. Dada yake Salme, aliyekuwa na umri wa miaka 15, alimwandikia barua za siri. Balozi wa Ufaransa alimwunga mkono Barghash, na balozi wa Uingereza, Christopher Rigby, alimwunga mkono Majid. Mabaharia wa Kiingereza ndio walioenda shambani kuwamaliza waasi. Barghash alihamishiwa Bombay kwa miaka miwili.

Kwa mara ya kwanza, kiti cha Unguja kilikuwa kimeamuliwa na askari wa kigeni. Hata hivyo Ufaransa ilikuwa bado upande wa pili, na hilo lilizuia Uingereza isijimilikishe. Mwaka 1861 Lord Canning, mkuu wa serikali ya Waingereza huko India, aliitenga Unguja na Oman, akaamuru Unguja iilipe Oman riale 40,000 kila mwaka. Machi 10, 1862, Uingereza na Ufaransa zikatoa tamko la pamoja la kuheshimu uhuru wa watawala hao wawili.

Tamko hilo lilipokelewa kama ngao, na kwa miaka 28 lilikuwa ngao kweli. Lakini lilikuwa na madhara yake. Wafaransa, wakishaahidi kutoigusa Unguja, walipunguza hamu ya kuipigania, macho yao yakaelekea Madagaska na Komoro. Wamarekani nao waliingia katika vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, na biashara ya merekani ikapungua. Mataifa mengi ya zama za Said yalikuwa yanabaki moja.

Barghash na Kirk, 1870–1876

Majid alifariki Oktoba 1870, na Barghash akakalia kiti alichokitamani kwa miaka 14. Alianza kwa msimamo mkali, akiwa karibu na wanazuoni wa Kiibadhi waliotaka Waingereza wapunguziwe sauti. Kama angekuwa na muda, pengine angelijaribu njia hiyo. Aprili 1872 kimbunga kikaikumba Unguja, kikang'oa minazi na mikarafuu, kikazamisha merikebu zake bandarini. Pemba ilisalimika, lakini hazina ilikuwa tupu, na riale 40,000 za Oman ziliendelea kudaiwa.

Ni katika hali hiyo alipofika mjumbe wa Uingereza, Sir Bartle Frere, Januari 1873, na rasimu ya mkataba wa kukomesha kabisa usafirishaji wa watumwa kwa bahari na kufunga masoko yao yote. Barghash alikataa. Aliitazamia Ufaransa, lakini Ufaransa ilikuwa imetoka kushindwa na Ujerumani mwaka 1871 na haikutaka ugomvi mwingine. Frere akaondoka. Aliyebaki alikuwa John Kirk, daktari aliyewahi kusafiri na Livingstone kwenye mto Zambezi, sasa akiwa balozi. Kirk alimpa Barghash habari kwamba manowari zitakizingira kisiwa. Juni 5, 1873 Barghash alitia saini, na soko la Mkunazini likafungwa siku hiyohiyo.

Kufungwa kwa soko lile kulikuwa jambo la haki, na halikupaswa kungoja manowari. Hilo lisemwe wazi kabla ya kueleza upande wake wa kisiasa. Kisiasa, Barghash alikuwa amewaudhi matajiri wa mashamba na wafanyabiashara wa bara waliokuwa nguzo yake ya ndani, na akabaki na nguzo ya nje, yaani Kirk. Aliichukua kwa mikono miwili. Serikali ya Waingereza wa India ikabeba mzigo wa malipo ya Oman. Januari 1875, akida Muhammad bin Abdallah alipojifungia ndani ya Ngome ya Yesu, Mombasa na kuasi, manowari mbili za Kiingereza ziliipiga ngome hiyo mpaka akasalimu. Mwaka huohuo Misri ilipoteka Brava na Kismayu, London ilimlazimisha Khedive aondoke. Barghash alitembelea London katikati ya mwaka na akapokelewa kifalme.

Mtu aliyeyaona hayo angeweza kusema Barghash amepata kila kitu: maasi yanazimwa, maadui wanafukuzwa, deni linalipwa na mwingine. Nami nasema ni hapo alipokosea, kwa sababu kila tatizo ambalo Kirk alimtatulia lilikuwa tatizo ambalo hakujifunza kulitatua mwenyewe. Bara kulikuwa na mfano mbele yake. Waarabu wa Tabora walipigana na Mirambo wa Urambo tangu 1871, wakaomba msaada. Askari wa Sultani walipelekwa, na Mirambo hakushindwa. Ilibidi wafanye naye amani. Bendera nyekundu ilipepea Tabora, lakini mwenye kufunga na kufungua njia alikuwa mwingine.

Miaka ya neema, 1877–1884

Kipindi hiki watu wa mjini walikikumbuka kwa mema. Barghash alileta maji safi kutoka chemchemi hadi mjini, akajenga hamamu ya Hamamni, akanunua meli za mvuke, akaanzisha matbaa, na mwaka 1883 akamaliza Beit al-Ajaib. Mwaka 1877 Lloyd Mathews, ofisa wa jeshi la maji la Uingereza, alianza kumfundishia jeshi la kisasa, ambalo lilizidi watu elfu moja. Mwaka huohuo Barghash alijaribu kumkodishia William Mackinnon, mwenye meli wa Uskoti, bara yote kwa miaka 70, lakini serikali ya London haikuliunga mkono jambo hilo na likafa.

Katika orodha hiyo ya neema, waya wa simu wa baharini uliofika Unguja mwaka 1879 husahauliwa. Zamani balozi aliamua mambo mwenyewe, kisha akaandika barua iliyochukua wiki nyingi. Ndiyo maana Owen aliweza kupandisha bendera na Kirk aliweza kuwa karibu waziri wa Barghash. Sasa London ingeweza kumwagiza Kirk leo afanye kinyume cha alichofanya jana. Barghash alidhani ana urafiki na Uingereza. Alikuwa na urafiki na Kirk.

Mikataba ya Karl Peters, 1884–1886

Novemba 1884 Wajerumani watatu wanne, wakiongozwa na Karl Peters, kijana wa miaka 28, walivuka kutoka Unguja hadi Saadani na kupanda bara. Katika wiki chache walirudi na karatasi kutoka Useguha, Nguru, Usagara na Ukami, zenye alama za wakuu wa vijiji ambao hawakuweza kusoma kilichoandikwa. Februari 27, 1885, siku moja baada ya mkutano wa Berlin kumalizika, Bismarck, Kansela wa Ujerumani, alitoa hati ya ulinzi juu ya nchi hizo.

Barghash alimpelekea Kaisari malalamiko kwa simu, akasema nchi hizo ni zake. Alituma askari Usagara, na Mathews akapelekwa Kilimanjaro, ambako wakuu wa Uchagga walikubali kuitambua bendera ya Sultani. Mmoja wao alikuwa Rindi wa Moshi, ambaye Wazungu walimwita Mandara. Muda mfupi baadaye Rindi akatia alama kwenye karatasi ya Mjerumani Jühlke pia. Watu wamemwita kigeugeu. Mimi naona alifanya kwa mlima wake kile ambacho Said alikifanya kwa kisiwa chake: kupokea kila mgeni ili asibaki mikononi mwa mmoja.

Na Witu ilikuwa vivyo hivyo. Hapo aliishi Ahmed, aliyejulikana kama Simba, wa ukoo wa Nabahani waliokuwa watawala wa Pate mpaka Albusaidi, ukoo wa Masultani wa Unguja, walipowafukuza. Kwa miaka mingi alijificha msituni na watumwa waliotoroka na watu waliochoshwa na ushuru. Aprili 1885, kupitia ndugu wawili Wajerumani, Clemens na Gustav Denhardt, alijiweka chini ya ulinzi wa Kaisari. Kwa Barghash huo ulikuwa uasi. Kwa Ahmed ilikuwa mara ya kwanza kupata mkubwa wa kumpambanisha na Unguja. Dola ambayo ilikuwa imejengwa kwa kuwapambanisha wageni ilikuwa sasa inabomolewa kwa mbinu ileile, na waliokuwa na sababu ya kuitumia walikuwa watu ambao dola hiyo iliwanyima nafasi.

Uingereza ilikuwa wapi? Ilikuwa Misri, ambayo iliikalia tangu 1882 na ilihitaji kura ya Bismarck dhidi ya Ufaransa katika mambo ya fedha za Misri. Machi 1885 Warusi waliwashinda Waafghani huko Panjdeh, na London ikaogopa vita vya kuilinda India. Kwa hesabu hiyo, Usagara haikuwa na thamani ya ugomvi na Berlin. Kirk aliamriwa amshauri Sultani akubali. Aliyekuwa amemjenga Barghash kwa miaka 12 ndiye aliyetumwa kumwambia kwamba hakuna msaada utakaokuja.

Agosti 7, 1885 manowari za Ujerumani zilitia nanga mbele ya jumba la Sultani. Pamoja nazo alikuja Salme, yule dada wa mwaka 1859. Alikuwa ameondoka Unguja mwaka 1866, akabatizwa na kuolewa na mfanyabiashara wa Hamburg, akafiwa, na sasa aliitwa Emily Ruete. Berlin ilimleta ili awe kisingizio iwapo Barghash angekaidi, kwa sababu alikuwa na madai ya urithi na mtoto wa kiume. Barghash alikubali masharti katika wiki ileile. Mara alipokubali, Berlin haikuwa na haja tena na madai ya Salme, naye akarudi Ujerumani bila urithi wake.

Kilichobaki kilikuwa kuchora mipaka. Tume ya Waingereza, Wajerumani na Wafaransa ilizunguka pwani mwaka 1886 kuuliza ni wapi hasa Sultani anatawala. Sultani mwenyewe hakuwa na mjumbe ndani yake. Swali lao lilikuwa la Kizungu: wako wapi liwali, askari, boma na risiti za kodi? Kwa kipimo hicho, nusu karne ya misafara, undugu, mikopo na bendera ilionekana si kitu. Makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya Novemba 1886 yalimwachia Sultani visiwa, ukanda wa maili 10 kutoka ufukweni mpaka Kipini, na bandari tano za Banadir na Kismayu. Bara iligawanywa kwa mstari kutoka mto Umba hadi Ziwa Viktoria, ukipinda kuiacha Kilimanjaro upande wa Ujerumani. Mwezi uliofuata Barghash alitia saini.

Hamed bin Muhammad, yaani Tippu Tip, alifika Unguja kutoka Manyema katika siku hizo. Katika maisha yake aliyoyaandika kwa Kiswahili, anaeleza jinsi Sayyid alivyomwambia amwie radhi, kwamba bara haitaki tena, kwa kuwa Wazungu wanataka kumnyang'anya hata Unguja yenyewe. Hamed alielewa. Mwanzoni mwa 1887, Barghash akiridhia, alikubali kuwa gavana wa Stanley Falls kwa mshahara wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Mwaka huohuo Wareno waliteka Tungi, karibu na Rasi ya Delgado, na hakuna aliyewazuia. Barghash alifariki Machi 1888.

Mrima wainuka, 1888–1890

Mwezi mmoja baadaye, nduguye Khalifa alitia saini mkataba wa kuikabidhi kampuni ya Wajerumani utawala na forodha ya Mrima. Agosti, maofisa wa kampuni walifika kupandisha bendera yao. Huko Pangani, Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimwita Nyundo, alimdharau liwali na kuingia msikitini na mbwa siku ya sikukuu, kwa namna iliyowachoma watu wote. Mji ukawaka, na kutoka Tanga hadi Lindi Mrima ukainuka.

Khalifa alimtuma Mathews Pangani kutuliza ghasia kwa jina lake, na watu wakamfukuza. Kiongozi wa Pangani alikuwa Abushiri bin Salim, wa ukoo wa Al-Harthi, ukoo uleule uliopigana na Albusaidi mwaka 1859. Wa Saadani alikuwa Bwana Heri, ambaye hakuwahi kujihesabu raia wa Unguja. Pamoja nao walikuwa majumbe, wapagazi, Wazigua na Wanyamwezi wa misafara. Huo ndio ukweli mzito kuliko wote katika kisa hiki: palikuwa na watu tayari kufa kwa ajili ya Mrima, na hawakufa kwa ajili ya Sultani. Kwao Sultani alikuwa ameuza kisichokuwa chake. Nguvu ambayo Barghash aliitafuta London, Paris na Berlin ilikuwa Pangani na Saadani, lakini ukoo wake kwa miaka 50 ulikuwa umeiona kama chanzo cha ushuru tu.

Mjerumani Hermann von Wissmann alikuja mwaka 1889 na askari wa Kisudani na wengine kutoka Msumbiji. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 15, 1889, na Bwana Heri alisalimu amri mwaka uliofuata. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alizitungia utenzi habari za vita hivyo, na mpaka leo huo ni miongoni mwa ushahidi bora tulionao kutoka upande wa wenyeji.

Julai 1, 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba uliomaliza kazi. Ujerumani ilipata kisiwa cha Heligoland, ikaiachia Uingereza Unguja na Witu, na ikanunua pwani ya Mrima kwa marka milioni 4. Kabla ya ulinzi wa Kiingereza kutangazwa, ilibidi lile tamko la 1862 lifutwe. Ufaransa ilikubali mwezi Agosti, na malipo yake yalikuwa kutambuliwa kwa ulinzi wake juu ya Madagaska. Wamalagasi hawakuulizwa, kama Waunguja wasivyoulizwa. Novemba 1890 Sayyid Ali bin Said, Sultani aliyemfuata Khalifa, akawa mtawala wa nchi inayolindwa.

Baada ya mizani kuvunjika

Agosti 1896 Khalid, mwana wa Barghash, alijaribu kukalia kiti bila idhini ya Waingereza. Jumba lilipigwa mizinga kwa dakika zisizofika 45, watu wapatao 500 wakafa au kujeruhiwa, na Khalid akakimbilia kwa balozi wa Ujerumani. Utumwa ulifutwa kisheria mwaka uliofuata, chini ya Sultani aliyewekwa na Waingereza, Hamoud bin Muhammad.

Ukanda wa maili 10 wa upande wa kaskazini ulikodishwa kwa kampuni ya Mackinnon, kisha mwaka 1895 kwa serikali ya Uingereza, na uliendelea kuwa wa Sultani kwa jina hata Kenya ilipofanywa koloni mwaka 1920. Oktoba 5, 1963 Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Muhammad Shamte, walibadilishana barua, na ukanda huo ukaingia Kenya rasmi siku ya uhuru, Desemba 12. Kenyatta aliahidi katika barua hizo kwamba Waislamu wa pwani wataendelea kuwa na mahakama za Kadhi. Ahadi hiyo imo katika Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 170.